Sura ya Saba: Kufuli Lililohama

Inspekta Chujio aliiweka diski mezani kwa Fundi Waya, katikati ya bisibisi na vipande vya nyaya, akavuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa.

"Hii unaijua?"

"Naijua vizuri, Afande. Imetoka kwenye king'amuzi cha Bi Mkunga. Ni nzima, haina hata mkwaruzo."

"Nzima, na haionyeshi kitu?"

"Nzima, ila imefungwa. Hata kabati likipotelewa na ufunguo haliitwi bovu."

Sajini, aliyekuwa ameegemea mlango, akaguna. Inspekta hakuguna. Wenzake kituoni walimpa mama huyu jina la Chujio kwa sababu maneno yakipita kwake, ukweli ulishuka na makapi yakabaki juu.

"Nieleze kama unayemweleza mtu asiyejua kitu," alisema.

Fundi Waya hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na kalamu aliyoichomeka nyuma ya sikio haikuwa na wino.

"King'amuzi cha kurekodi hakiweki kipindi kwenye diski hivi hivi. Kinakivuruga kwanza, ndipo kinakihifadhi kikiwa kimevurugika. Siri ya kukipanga upya inakaa kwenye bodi, ndani ya mashine ile ile iliyorekodi. Kila bodi na siri yake. Ukiichukua diski ukaitia kwenye mashine nyingine, hata kama zote mbili zimetoka duka moja, utaona majina ya vipindi na alama ya kufuli. Majina utayasoma mpaka uchoke. Picha hupati."

"Na bodi ya Bi Mkunga?"

"Ilikufa. Nikamtilia nyingine."

"Iliyokufa iko wapi?"

Fundi aliinua bisibisi, akaigeuza, akairudisha pale pale alipoitoa. "Bodi iliyokufa ni takataka, Afande. Niliitupa."

"Uliitupa wapi?"

"Ah! Nani hukumbuka alikotupa takataka?"

Inspekta alimtazama bila kupepesa. Alikuwa na sababu. Ghala la mbao lilikuwa limeteketea Jumapili moja alasiri, na mlinzi wake yuko hospitali mpaka leo. Nyuma ya ghala liliokotwa dumu la petroli lenye alama ya karakana ya Seremala, mtu aliyekuwa amefukuzwa kazi hapo ghalani kwa kutukana wakubwa. Seremala alikamatwa. Akasema kwamba saa hiyo alikuwa ukumbini, kwenye shindano la uimbaji la watoto, akimsikiliza binti yake. Alisimama peke yake nyuma kabisa, karibu na nguzo, na hakuna mtu aliyemwona. Lakini kamera ya televisheni ilimpitia wakati mtoto anaimba. Yeye mwenyewe aliiona ikimgeukia. Kituo cha televisheni kilichorusha shindano hakikuhifadhi chochote, kwa kuwa yalikuwa matangazo ya moja kwa moja. Iliyobaki ni rekodi moja tu: ya Bi Mkunga, mama mkwe wake Seremala. Nayo ndiyo hiyo iliyolala mezani, nzima na imefungwa.

Kesho asubuhi Seremala alikuwa anapandishwa mbele ya hakimu.

Inspekta alikuwa anafungua kinywa aulize tena, mlango ukasukumwa kwa nguvu hata Sajini akaruka pembeni. Aliyeingia alikuwa Kinyozi wa mtaa wa pili, kitambaa cha kunyolea begani, mkono mmoja bado una povu.

"Wewe Waya! Umenitengenezea king'amuzi au umeniletea yaya?"

"Shikamoo kwanza," alisema Fundi, akijaribu kucheka.

"Nikuamkie shikamoo, mimi ninayekuzidi umri? Sikiliza. Wateja wangu wanakuja kwa ajili ya mieleka. Kunyoa ni kisingizio. Tangu uirudishe ile mashine, nikifika kwenye stesheni ya mieleka tu, inadai namba ya siri. Namba gani? Mimi sijaweka namba ya siri maishani mwangu. Hata simu yangu haina!"

"Zima, halafu uwashe."

"Nimezima nimewasha mpaka swichi imechubuka."

"Basi nitapita kesho, kaka."

"Kesho yako imeshaota ndevu, na mimi ndevu nazijua. Leo alasiri anakuja fundi wa sokoni. Ataifuta kumbukumbu yote, ianze upya kama ilivyotoka kiwandani. Na wewe usinisalimie tena!"

Akatoka kama alivyoingia. Fundi Waya alijipangusa paji la uso kwa kiganja.

"Wateja," alisema.

"Wateja," Inspekta aliitikia, akaichukua diski yake na kusimama.

Nje, Sajini hakungoja hata wafike kwenye gari.

"Afande, mambo yameiva. Unajua Waya ni nani? Ni mpwa wa mwenye ghala! Dada yake mwenye ghala ndiye aliyemzaa huyu. Mjomba anachoma ghala lake mwenyewe, mpwa anafukia ushahidi. Tumrudie tumfunge pingu."

"Jana ulikuwa na hakika ni Seremala."

"Jana sikujua habari za mjomba."

Inspekta alifungua mlango wa gari, lakini hakuingia. "Hebu tupange vitu kama vilivyofuatana. Waya aliibadilisha bodi lini?"

"Kesho yake baada ya moto. Bi Mkunga alimwita, akaja siku hiyo hiyo."

"Seremala alikamatwa lini?"

"Wiki iliyofuata."

"Na habari ya rekodi tuliisikia lini kwa mara ya kwanza?"

Sajini alijikuna kidevu. "Baada ya kumkamata. Alipoitaja yeye mwenyewe."

"Basi siku ile Waya anashika bisibisi, hakuna mtu duniani aliyejua kuwa ndani ya mashine ile kuna kitu cha maana. Mtu hafichi asichokijua. Anadanganya, hilo silikatai. Bodi ile hakuitupa. Lakini anadanganya kama mfanyabiashara."

"Uongo nao una aina zake, Afande?"

"Mhalifu huja na jibu lililopikwa nyumbani. Huyu alikuwa analipika mbele yetu."

Sajini aliwasha gari. "Hata hivyo mjomba naye ana pa kujificha. Alikuwa mgeni rasmi wa shindano lile lile. Alikaa mstari wa mbele mwanzo hadi mwisho, na ndiye aliyegawa zawadi."

"Ndivyo alivyotuambia," alisema Inspekta. "Twende kwa Bi Mkunga."

Bi Mkunga alikuwa amestaafu, lakini mtaa haukumstaafisha. Nusu ya watu wa pale aliwapokea wakizaliwa, na nusu iliyobaki aliwakemea. Alifungua mlango, akawatazama viatu kabla ya kuwatazama nyuso.

"Futeni miguu. Haya, mmekuja tena. Mmepata nini?"

"Shikamoo, Mama," alisema Inspekta.

"Marahaba. Nimeuliza mmepata nini."

"Tunatafuta bado. Nina swali ambalo sikukuuliza juzi. Familia nzima mlikaa pamoja ukumbini. Kwa nini baba wa mtoto alisimama peke yake nyuma?"

Bi Mkunga aliketi, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Nilimkataza asifike. Nilimwambia, mtu aliyefukuzwa kazi kwa kutukana wakubwa hatakaa na mimi mbele ya kamera. Nikamwambia nikimwona, naondoka na mtoto hajaimba."

"Kwa hiyo alijificha."

"Kama kweli alikwenda. Yule jamaa husema mengi."

Tangu mwanzo wa upelelezi Inspekta hakuwahi kumsikia akimwita vingine. Binti yake alisema "mume wangu", mjukuu alisema "baba", na Bi Mkunga alisema "yule jamaa".

"Rekodi hukuitazama hata mara moja?"

"Ningeitazama saa ngapi? Niliitegesha kabla hatujatoka, ili nije nimwone mjukuu wangu kwa utulivu, maana ukumbini machozi yaliniziba macho. Tukarudi tumechoka, tukalala. Asubuhi nawasha, mashine imezimika na inanuka kama mpira ulioungua. Nikamwita Waya. Alipomaliza, ikaandika kwenye kioo kwamba diski si ya kwake, je, isafishwe? Yeye akanyoosha mkono apokee rimoti abonyeze. Nikamwambia, kijana, katika nyumba hii rimoti haitoki mkononi mwangu."

"Mkono huo umetuokoa, Mama."

"Umeokoa nini, na kitu hakifunguki? Nayo mashine imeharibika tabia. Angalia mwenyewe." Alichukua rimoti, akawasha. Chumba kikajaa makelele: majitu mawili yenye chupi za kung'aa yalikuwa yanabebana juu juu na kubwagana. Bi Mkunga akaizima kwa hasira kama anayeua mbu.

"Unaona? Hii bodi ya Waya haina adabu. Mieleka inaingia humu ndani kama mtu wa nyumbani. Kwenye mashine yangu nilikuwa nimeifunga."

Inspekta alikuwa ameinua kikombe cha chai. Kikabaki hewani.

"Uliifunga?"

"Kwa namba ya siri. Mjukuu alikuwa anapanda juu ya kabati na kumrukia paka. Paka alihama kabisa, yuko kwa jirani mpaka leo. Nikaifunga stesheni ile ile moja, nyingine zote nikaziacha. Sasa hapa imefunguka yenyewe."

Kikombe kilirudi mezani taratibu.

"Sajini," alisema Inspekta, "gari liko tayari?"

"Liko tayari, Afande. Kwani tunakwenda wapi?"

"Mama, chukua mtandio wako. Tunakwenda kunyoa."

"Nani ananyoa?" Bi Mkunga aliuliza, mkono ukishika nywele zake.

Gari lilipotoka, Inspekta aliongea akiwa ametazama mbele. "Kufuli halikupotea. Nyumbani kwa Mama stesheni ya mieleka imefunguka bila mtu kuifungua. Kule kwa Kinyozi imejifunga bila mtu kuifunga. Stesheni ile ile, fundi yule yule. Kufuli ni moja, limehama nyumba. Na linakaa wapi kufuli kama hilo, Sajini?"

Sajini alipiga usukani kwa kiganja. "Kwenye bodi!"

"Na siri ya kuifungua diski inakaa wapi?"

"Kwenye bodi." Kisha uso wake ukabadilika. "Afande, yule Kinyozi alisema fundi wa sokoni anakuja kufuta kumbukumbu..."

"Ndiyo maana nataka uendeshe, usiongee."

Walisimama kwa Fundi Waya kwa muda wa kumwambia maneno matatu: chukua bisibisi, panda. Alipomwona Bi Mkunga kwenye kiti cha nyuma, alipanda bila kuuliza neno, akajibana mlangoni kama mzigo wa ziada.

Kinyozi alikuwa na wateja wengi kuliko viti. Mmoja alikuwa ameshanyolewa upande wa kulia, upande wa kushoto nywele zimesimama zikingoja. Wote walikuwa wamegeukia televisheni. Chini yake, mtu mwenye begi la vifaa alikuwa ameshika rimoti, na kwenye kioo yalikuwa yameandikwa maneno haya: Kumbukumbu zote zitafutwa. Endelea? Ndiyo. Hapana.

Rangi ya njano ilikuwa imesimama juu ya Ndiyo.

"Inua kidole," alisema Inspekta.

Hakupaza sauti. Lakini fundi wa sokoni aliinua kidole, akainua na mkono mzima, na mkono wa pili ukafuata.

"Afande!" alilia Kinyozi. "Mimi sijamkata mtu!"

"Hakuna aliyesema umekata mtu. Sajini, washa kamera ya simu yako, upige tangu hapa na usikatize. Rimoti nipe mimi." Alishusha rangi ya njano kwenye Hapana, akabonyeza. Maneno yakatoweka. Kisha akageuka. "Fundi Waya. Mbele ya watu hawa. Bodi iliyo ndani ya mashine hii umeitoa wapi?"

Waya alimtazama Kinyozi, akamtazama Bi Mkunga, akachagua kutazama sakafu iliyojaa nywele.

"Ni ya Bi Mkunga."

"Ile iliyokufa."

"Haikufa kabisa, Afande. Kilikuwa kimeungua kidude kimoja tu cha kupitisha umeme. Sikuwa nacho siku hiyo, na Mama alikuwa ananisimamia kichwani, nikamtilia bodi nyingine ili nimalize. Baadaye nikakipata kile kidude. Nikaifufua. Kinyozi naye akaleta yake, imenyeshewa. Nikaona... bodi nzima ikae bure?"

"Na mimi ukaniambia ni mpya!" alisema Kinyozi. "Mpya kutoka kwenye boksi!"

"Boksi lilikuwa jipya," alijibu Waya kwa sauti ndogo.

Duka zima likaangua kicheko, hata yule wa kichwa nusu. Inspekta aliwaacha wacheke wamalize.

"Maneno hayatoshi. Labda ni yake, labda si yake. Mama, una namba yako ya siri?"

"Ninayo kichwani."

"Fungua stesheni ya mieleka."

Bi Mkunga aliipokea rimoti. "Geukeni," aliamuru. "Nyote. Na wewe mwenye kichwa nusu."

Wanaume wazima wakageukia ukuta, Sajini akageuza simu kando kidogo. Vidole vya mama vilibonyeza pole pole. Mara ile makelele yakalipuka, jitu likambwaga jitu, na wateja wakageuka wakishangilia kama waliorudishiwa haki yao.

"Imethibitika," alisema Inspekta. "Zima umeme. Waya, toa diski ya Kinyozi, weka hii. Fanya taratibu, na kila unachoshika, sema unakishika, simu isikie."

Waya alifanya kazi hiyo vizuri, lazima aheshimiwe kwa hilo. Alizitaja skrubu zote, akaunga waya, akafunga kifuniko. Kinyozi mwenyewe alizima mashine zake za kunyolea ili umeme usiyumbe. Bi Mkunga alikuwa amekalia kiti cha kunyolea, mkoba magotini, mgongo umenyooka.

Kioo kikawa cheusi. Kisha majina ya vipindi yakajipanga, moja chini ya jingine, na pembeni yake hakukuwa na alama ya kufuli hata moja.

"Ile ya Jumapili," alisema Inspekta.

Ukumbi ukatokea, taa, pazia jekundu, na mtoto wa kike mwenye viatu vinavyombana, maana alikuwa anasimama kwa mguu mmoja baada ya mwingine. Akaanza kuimba. Juu pembeni, saa ya kituo cha televisheni ilionyesha saa tisa imepita, wakati ambapo upande wa pili wa mji watu walikuwa wanakimbia na ndoo. Kamera ikamwacha mtoto, ikapita juu ya vichwa, ikafika nyuma.

Karibu na nguzo kulikuwa na mtu amesimama juu ya benchi ili aone. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu, anapiga makofi wakati wimbo haujaisha, na mashavu yake yalikuwa yameloa.

Inspekta alibonyeza, picha ikaganda.

Ilimbidi aulize kwa utaratibu, kwa sababu simu ya Sajini ilikuwa inasikiliza. "Mama, mtu huyu unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ni nani?"

Bi Mkunga alichukua ncha ya mtandio, akafuta kwanza miwani, halafu akafuta kingine.

"Mjinga huyu. Anapiga makofi kabla wimbo haujaisha." Akavaa miwani. "Ni mkwe wangu. Andikeni hivyo. Mkwe wangu, na kesho nitakwenda kusema mwenyewe kwa hakimu, nani alimkataza kukaa na sisi."

Kinyozi alimpelekea glasi ya maji. Sajini alitaka kukata picha, lakini Inspekta alimwinulia kiganja.

"Endelea kupiga." Alikuwa ameisogelea televisheni mpaka mwanga wake ukamwangukia usoni. Aliirudisha rekodi nyuma, kidogo kidogo, hadi mahali kamera inapoondoka kwa mtoto na kupita mstari wa mbele. Akaigandisha. Majaji watatu walionekana, mwanamke mwenye kofia pana, kisha kiti kikubwa kuliko vyote, chenye utepe wa mgeni rasmi. Kwenye mgongo wa kiti lilining'inia koti la kijivu. Juu ya kiti hakukuwa na mtu.

Waya alilitambua koti. Lilikuwa la mjomba wake.

"Sajini," alisema Inspekta, "mwenye ghala alituambia maneno gani hasa?"

"Kwamba alikaa mstari wa mbele mwanzo hadi mwisho, Afande."

"Koti lake lilikaa," alisema Inspekta Chujio. "Sasa twende tukamuulize mwenyewe alikwenda wapi bila koti."